Shimo Lililoachwa na Greda

Shimo lile Greda alilichimba mwenyewe kwa siku mbili, kisha likakaa mwaka mmoja na miezi saba bila kuongezwa wala kupunguzwa hata koleo moja la udongo. Lilikuwa nyuma ya jiko, kati ya kamba ya kuanikia nguo na ukuta wa jirani, urefu hatua tano, upana hatua tatu, kina cha kumfika mtu kiunoni. Alikusudia liwe tangi la maji ya mvua. Kabla hajafika kwenye saruji akaitwa kazini: barabara mpya inakatwa huko mbali, safari ya siku mbili kwa basi. Akalifuta koleo, akaliegemeza ukutani, akamwambia mkewe, "Mwezi ujao nikirudi nalimalizia."

Jina la Greda alipewa kwa sababu ya mtambo aliokuwa akiuendesha. Majirani hawakukosa la kusema: barabara za watu anazisawazisha kama meza, shimo la kwake limemshinda.

Mkewe alikuwa fundi wa miwani. Kutwa alikaa kwenye chumba cha nyuma cha duka, mbele ya jiwe la kusagia linalozunguka huku likidondoshewa maji, akikata na kusaga lenzi mpaka ziingie kwenye fremu bila kulazimishwa. Hiyo ni kazi ya mkono mtulivu, na mkono wake ulitulia kama wa mtu anayemimina mafuta kwenye kichupa. Lakini miguu! Chini ya meza miguu haikukaa. Ilipigapiga, ilivua viatu na kuvivaa tena, hata mwenye duka akamtandikia kipande cha zulia ili wateja wasisikie. Jioni akitoka kazini hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipita njia ndefu, na siku nyingine alitafuta iliyo ndefu zaidi. Akifika alifagia palipokwisha kufagiwa, akahamisha kabati, akalirudisha. Mavyaa wake alimwita Kiguu na Njia, na jina likamganda.

Huyo mavyaa, mama yake Greda, naye alikuwa na jina lake la mtaani: Bi Simu. Miaka ishirini na minane aliketi kwenye chumba cha kuunganishia simu, vipokea sauti masikioni, akichomeka nyaya na kuzichomoa, akiwaambia watu asiowaona, "Zungumza, zungumza." Alikwisha kustaafu zamani, lakini hakuacha kuamini jambo moja: uso mtu anaweza kuuvisha nguo, sauti hawezi.

Kila Jumapili saa nane mchana Greda alipiga simu. Bi Simu alikaa tayari tangu saa saba na nusu, kiti karibu na dirisha, simu juu ya mapaja.

"Mama, mwezi huu wamenikatalia tena ruhusa. Msimamizi hataki kusikia. Labda mwezi ujao."

"Sawa, baba," Bi Simu alijibu, na akampa mkwewe simu upesi, kama mtu anayepokeza chungu cha moto.

Kiguu na Njia alizungumza akiwa amesimama, akitembea kutoka mlangoni hadi dirishani. Umekula? Nimekula. Mvua huko? Hamna. Haya, jitunze. Simu ikikatwa alibaki nayo mkononi, mwili wote unamwasha kama aliyekalia upupu. Ngoja ngoja huumiza matumbo, wahenga walisema. Yeye ilimuumiza miguu.

Hata kazini palikuwa na jambo linalomngoja. Mwenye duka alikuwa amepata gari la kuzunguka nalo miji midogo, kupima watu macho na kuwatengenezea miwani palepale. Alihitaji fundi wa kutoka nalo wiki mbili katika kila mwezi.

"Kazi hii ni yako," alimwambia. "Mtu mwenye miguu kama yako namfungia ndani kwa nini?"

"Mume wangu anarudi mwezi ujao, mzee. Akinikuta sipo?"

"Mwezi ujao wa mwaka gani?" mwenye duka aliuliza. Hakuwa anamfanyia mzaha. Alitaka kujua kweli.

Basi mvua zikaja. Shimo likajaa hadi nusu, maji yakasimama, na baada ya siku kumi mbu wakawa hawasubiri hata jua lizame. Jirani wa ukutani akaenda kushtaki. Asubuhi moja bwana afya akabisha hodi, mabuti miguuni, upawa wa mpini mrefu mkononi. Akachota maji, akamwonyesha Kiguu na Njia: viluwiluwi vya mbu vikijinyonganyonga kama maandishi ya mtu mwenye haraka.

"Hawa mnawafuga kwa ruhusa ya nani?"

"Hatufugi, bwana. Ni mvua."

"Mvua haichimbi." Akaandika kwenye daftari lake. "Siku kumi na nne. Nikirudi nikute pamefukiwa, au nikute maji yasiyo na hata kiluwiluwi kimoja. Vinginevyo tutaonana kwingine."

Kufukia kungekuwa rahisi kama udongo ungekuwapo. Lakini udongo wa Greda jirani huyohuyo aliyeshtaki aliuomba zamani akainulia sakafu yake. Na hata ungekuwapo, Bi Simu alikwisha kusimama kwenye mlango wa jiko, mikono kiunoni.

"Shimo la mwanangu halifukiwi. Atarudi alikute lilivyo."

"Mama, bwana afya ametoa siku kumi na nne."

"Bwana afya hakulichimba."

Kiguu na Njia akavaa viatu na kutoka. Siku ile alitembea hadi mwisho wa mtaa wa maghala, akavuka reli, akajikuta kwenye kitalu cha miche ambacho hakuwahi kukifikia. Mwanamke mnene mwenye kofia ya majani alikuwa akimwagilia. Katikati ya kitalu, kwenye beseni kuukuu la kuogea lililozikwa ardhini hadi mdomoni, aliona majani ya yungiyungi yametandaa juu ya maji, na chini yake vijisamaki vyembamba vikipita kama sindano. Aliinama, akatazama sana. Hakuona kiluwiluwi hata kimoja.

"Unayafanyaje haya maji?"

"Siyafanyi kitu," muuza miche alisema. "Hiyo ndiyo kazi yake, kutofanywa kitu."

"Hubadilishi maji?"

"Nikibadilisha naharibu. Majani yanakunywa uchafu wa samaki, samaki wanakula mbu, kivuli cha majani kinazuia maji yasiwe ya kijani. Wao kwa wao wanajuana. Mimi naongeza maji yakipungua, basi. Wewe una nafasi ya namna gani?"

"Nina shimo," alisema Kiguu na Njia.

Jioni ile Bi Simu alikuwa akimenya viazi. Mkwewe alichuchumaa mbele yake, akachukua kisu cha pili, akaanza kumenya naye, jambo ambalo hakulifanya mara kwa mara.

"Mama, silifukii."

"Hm."

"Nalitia maji. Samaki na majani. Shimo litabaki shimo."

Bi Simu alimenya kiazi kizima kabla hajajibu. "Na akirudi?"

"Akirudi atalikuta."

"Kiguu na Njia, wewe ni mtu wa kuchoka na jambo siku ya tatu. Haya, tutaona."

Aliomba ruhusa kazini, akaingia shimoni. Siku ya kwanza aliyatoa maji kwa ndoo mpaka mabega yakakataa. Siku ya pili alichimba kwenye kuta za shimo chini kidogo ya mdomo, akatengeneza kidato cha upana wa viganja viwili kuzunguka pande zote, kama alivyoelekezwa, ili mimea isiyopenda kuzama ipate pa kusimama. Siku ya tatu aliokota mawe na mizizi yenye ncha, maana turubai likitobolewa kazi yote ni bure. Bi Simu alikuwa ameketi kwenye kigoda juu ya ukingo, akimkosoa.

"Hapo umeacha."

"Wapi, mama?"

"Hapo. Siyo hapo, hapo! Macho ya fundi miwani hayo?"

Mwisho akavua kandambili, akashuka mwenyewe, akaokota. Walitandika mchanga, juu yake magunia na zulia kuukuu, halafu turubai zito jeusi. Walivutana nalo huku na huku, mikunjo ikatokea kila pembe, wakaikunja kama shuka la hospitali. Pembeni wakalibana kwa mawe bapa. Kisha mpira wa maji ukafunguliwa, na wote wawili wakasimama kuyatazama yakipanda.

"Sasa samaki," Kiguu na Njia alisema maji yalipofika kwenye kidato.

Lakini muuza miche alikuwa amemwonya: maji ya bomba yana dawa, yaachwe wiki nzima ndipo samaki waingie. Wiki nzima! Alikwenda kuyaangalia asubuhi, mchana akakimbia nyumbani wakati wa chakula kuyaangalia tena. Maji yalikuwa maji.

Jumapili ilipofika alikuwa ameleta mimea: yungiyungi tatu ndani ya ndoo zilizojazwa udongo wa mfinyanzi na kufunikwa kokoto, matete mafupi ya kusimama kwenye kidato, na mafungu ya majani membamba yanayoishi chini kabisa. Gugu maji muuza miche alikataa kumpa. "Hilo ukilikaribisha kesho litakutoa wewe." Saa nane ilimkuta Kiguu na Njia ndani ya maji hadi mapajani, akishusha ndoo ya pili, na Bi Simu amepiga magoti ukingoni akimshikia ya tatu. Simu ikalia. Mikono yote ilikuwa matope. Bi Simu akaigusa kwa kifundo cha kidole, akaweka sauti ya nje, akailaza juu ya jiwe.

"Mama, shikamoo. Mama, mwezi huu tena msimamizi amenikatalia. Nimemwomba sana, lakini..."

Bi Simu aliiweka ndoo chini.

"Mwanangu."

"Naam, mama."

"Miaka ishirini na minane nimesikiliza watu wakidanganyana. Waume, wake, wafanyabiashara, mapadri. Sikuwahi kuingilia, haikuwa kazi yangu. Lakini wewe nilikuzaa." Akavuta pumzi. "Hukukataliwa ruhusa. Hukuiomba. Ndiyo au siyo?"

Kiguu na Njia alisimama na ndoo mikononi, maji yakimchezea mapajani. Kwenye simu ikasikika mashine ikinguruma kwa mbali, hata siku ya Jumapili.

"Ndiyo," Greda alisema.

"Tangu lini?"

"Mkataba wa kwanza uliisha zamani, mama. Walituuliza nani anabaki. Nikanyoosha mkono. Mara tatu."

"Kuna mtu huko?"

"Hakuna mtu. Naapa. Hakuna mtu, mama."

Bi Simu alimgeukia mkwewe. "Hilo ni kweli," alimwambia kwa sauti ya chini, sauti ile ya kazini. "Zungumza."

Lakini Kiguu na Njia akaipa simu mgongo. Aliinama, akaishusha ndoo hadi ikagusa chini, akasawazisha kokoto kwa vidole, moja baada ya nyingine. Greda aliita jina lake mara mbili. Bi Simu akaikata simu.

Samaki tisa waliingia Jumanne. Muuza miche aliwaleta kwenye mfuko wa nailoni, akauacha mfuko uelee juu ya maji kwa muda ili samaki wazoee joto la maji, ndipo akaufungua. Bwana afya alirudi siku ya kumi na nne, akachota kwa upawa mara tano pembe zote, akapata jani na mchanga. "Hii sijawahi kuandika," alisema, akatafuta mahali pa kuiandika kwenye daftari.

Ingekuwa mtu mwingine angepumzika. Kiguu na Njia ndiyo kwanza moto uliwaka. Mwaka mmoja na miezi saba amekataa gari la miwani, amekataa harusi za mbali, amekataa hata kubadilisha rangi ya mlango, kwa sababu mtu anarudi mwezi ujao, na kumbe mtu huyo ananyoosha mkono! Hasira hiyo hakuwa na pa kuipeleka, akaipeleka bwawani. Alisogeza ndoo za yungiyungi, akazirudisha. Aling'oa majani yaliyopata doa. Na wiki ya pili maji yalipoanza kuwa ya kijani kama supu ya mboga, hakuuliza mtu. Alichota nusu yake akamwaga, akafungua mpira wa bomba.

Asubuhi samaki watatu walikuwa wameelea ubavu.

Muuza miche alikuja, akawaangalia, akamwangalia yeye. "Nilikwambia nini kuhusu maji ya bomba? Bwawa jipya lazima liwe la kijani. Majani yakikua yatalikomesha. Wewe unalitaka lipone kabla halijaugua."

"Nilidhani nasaidia."

"Dada yangu, kuna vitu vinasaidiwa kwa kuachwa."

Bi Simu, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda chake, akadakia. "Wamebaki sita. Ukiendelea kukaa hapa na hiyo hasira yako, wiki ijayo hatuna hata mmoja. Lile gari la miwani bado linatafuta fundi?"

"Mama amejuaje habari za gari?"

"Mwenye duka alipiga simu mwezi uliopita, akanieleza. Nikasema nisiseme, labda mwanangu anarudi." Akatazama maji. "Nami nilikuwa naongopa. Naogopa kubaki peke yangu. Lakini nenda."

Kabla Kiguu na Njia hajaenda, Greda alikuja. Hakutoa taarifa. Jumamosi mchana alisimama uani na begi begani, amekonda, vumbi la barabara bado kwenye nyusi, akilitazama shimo lake. Mama yake alimpa mkono, akaingia jikoni na kufunga mlango, jambo lisilo la kawaida kwa mlango ule.

Greda alizunguka bwawa polepole. Akachuchumaa, akafumba jicho moja kama afanyavyo kazini. "Ukingo wa huku umelala," alisema. "Vidole viwili. Mvua kubwa ikija, maji na samaki vitatokea hapa."

"Ndilo la kwanza la kuniambia?"

"Sijui la kwanza ni lipi."

Basi alivua shati, akanyanyua mawe ya upande ule, akajaza udongo chini ya turubai, akashindilia kwa kisigino, akarudisha mawe. Mkewe alimtazama muda wote akiwa amesimama. Greda alipomaliza aliketi chini, mikono juu ya magoti.

"Nikikaa nyumbani," alisema, "siku ya tatu naona kuta zinasogea. Siyo wewe. Siyo mama. Hata hili shimo nililichimba ili nipate pa kutokea nje. Niliona haya kusema. Mwanamume gani anaikimbia nyumba yenye amani?"

Kiguu na Njia alicheka, kicheko kikali kisicho na furaha. "Unajua wananiita nani hapa mtaani? Mimi kuta zimenisogelea kila siku, na sikwenda popote, kwa sababu ya neno lako. Ungesema kweli, tungeondoka wote wawili. Au kila mtu njia yake, tukakutana. Uliniachia 'mwezi ujao' kama mtu anayemfunga mbuzi kamba na kwenda zake."

"Nisamehe."

"Sijui bado."

Hakuwa anasema ili amuumize. Kweli hakujua. Walizungumza hadi jua likageuka upande wa pili wa ukuta, wakagombana, wakanyamaza, wakaanza tena. Mwisho walikubaliana jambo moja dogo: Greda atakuja wiki moja kila baada ya miezi miwili, atataja tarehe, na tarehe asiyoweza kuitimiza asiitaje. Mengine yakabaki bila kufungwa. Jumatatu akapanda basi.

Wiki iliyofuata Kiguu na Njia naye alipanda gari la miwani, amekaa mbele na dereva, mashine ya kusagia imefungwa kamba nyuma. Mji wa kwanza walipima watu arobaini kwenye ukumbi wa shule. Mji wa pili walifungua meza chini ya paa la stendi, na foleni ikawa haina mwisho. Saa saba alipata nafasi ya kupiga simu nyumbani.

"Zungumza," Bi Simu alijibu, kama kawaida yake.

"Mama, samaki vipi?"

"Samaki wazuri. Maji yamekuwa meupe, naona hadi chini. Yungiyungi moja imetoa chipukizi kama ngumi ya mtoto. Jirani kaja kulitazama, kajidai hakushtaki. Na kuna chura."

"Chura? Nani ameleta chura?"

"Hakuna aliyemleta. Amehamia. Anapiga kelele kama bomba bovu. Nimempigia muuza miche, ameniambia nimwache." Kisha akaongeza, "Mume wako ametaja tarehe. Ya kumi na mbili, miezi miwili kutoka sasa."

"Na sauti?"

"Sauti ilikuwa ya kweli. Ila ana wasiwasi utakuwapo au hutakuwapo."

Kiguu na Njia alihesabu kwa vidole. Kwa ratiba ya gari, siku hiyo walipaswa kuwa mji wa nne wa safari nyingine. "Mwambie sijui," alisema. "Mwambie nitampigia mwenyewe."

Mzee mmoja fundi cherehani alikuwa amekwisha kukaa kwenye kiti mbele yake, akishika uzi na sindano alivyokuja navyo makusudi ili ajaribie miwani. Dereva naye alikuwa akionyesha mawingu na kusema watoke kabla ya saa tisa, barabara ya mbele ikilowa haipitiki. Chai yake ilikuwa bado imejaa kikombeni. Aliiacha hapo, akavuta mashine karibu, na chini ya meza miguu yake ikaanza.